Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kikokotoo

YAH: MSTAAFU WA HIARI MWENYE MTOTO WA DARASA LA TANO

Mheshimiwa, shikamoo. Kwa umri wewe, kanuni ya kukokotoa mafao yetu wastaafu, ni mtoto kwangu: ulizaliwa 2018, Desemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli akakusimamisha, Julai 2022 ukarudi umebadilisha shati. Lakini anayeamua nitakula nini mpaka siku ya kufa, nikimnyima shikamoo nitakuwa najitafutia matatizo.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila niliyemwendea amenielekeza kwako. Dirishani: "Mzee, hayo ni ya kikokotoo." Utumishi: "Mwalimu, unakijua kikokotoo." Hata jirani ninayemdai alianza kuniambia nielewe, kuna kikokotoo. Nikatambua kwamba nchi ina mkubwa mmoja asiye na ofisi, asiye na simu, asiye na picha ukutani, na wote wanamnyenyekea.

Tofauti na wengi wanaokulaani vijiweni, mimi nakusoma, maana nilikuwa mwalimu wa hisabati. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyo bora, unazidisha kwa miezi ya utumishi, unagawa kwa 580. Hiyo ni pensheni ya mwaka. Asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5 na kuitoa kwa mkupuo (ilikuwa 33 mpaka bajeti ya 2024 ilipotuonea huruma sisi wa mifuko ya zamani ya nusu kwa nusu), na asilimia 60 tunalambishwa mwezi kwa mwezi. Mwalimu wa miezi 360, mshahara wa wastani 1,200,000, anaondoka na milioni 44 na laki sita na ushee. Mtangulizi wako, yule wa 540 na 15.5, kwa mshahara huo huo angempa milioni 74.4. Nikutendee haki: kwa mwezi yeye angetoa 400,000 na wewe unatoa karibu 447,000. Hizo elfu arobaini na saba nazipokea kwa mikono miwili.

Kinachoninyima usingizi ni hiyo 12.5. Tulielezwa kuwa ndiyo miaka ambayo mstaafu anatarajiwa kuishi. Mtangulizi wako alinipa 15.5. Mwaka hadi mwaka hotuba zinasema afya zetu zimeimarika, na wewe umenipunguzia miaka mitatu bila hata kunipima presha. Najua pensheni ya mwezi itaendelea hata nikikaidi. Nikifika kwenye uhakiki nikiwa na miaka 68, nitakuja na barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa kufa.

Ila nimestaafu na miaka 55, na kitinda mimba wangu ana 11. Piga hesabu, Mheshimiwa, ni kazi yako. Miaka yako 12.5 ikiisha, yeye atakuwa amevaa joho la chuo, kama hakukariri darasa. Umeniruhusu kuishi mpaka mahafali yake. Mshahara wake wa kwanza sitauona.

Utauliza: nani alikutuma ustaafu na 55 wakati sheria inakuruhusu mpaka 60? Mama watoto alifariki. Mimi nilikuwa nafundisha Malinyi, watoto wako Kihonda na bibi yao ambaye naye anahitaji wa kumshika mkono kwenda chooni. Niliomba uhamisho, nikaambiwa nisubiri. Hiari yangu ikaishia hapo. Kwenye fomu, hata hivyo, imeandikwa "kwa hiari", na mimi ndiye niliyesaini.

Marehemu alikuwa anauza vitenge sokoni. Hifadhi yake ya jamii ilikuwa VICOBA. Wale akina mama walikuja na fedha zao kabla hatujaanua tanga, zimefungwa kwenye bahasha, wakahesabu mbele ya wazee na kuondoka. Hawakutaka nakala ya kitambulisho iliyogongwa muhuri na mwanasheria. Nadhani ni kwa sababu hawajasoma.

Sasa nakuja kwenye kadi ya bima ya afya. Najua si idara yako, lakini mnafanana kama ndugu. Nilipokuwa kazini kadi ilitutibu mimi, mke na watoto. Nimestaafu, nimeambiwa kadi ya mstaafu inamtambua mstaafu na mwenza wake, basi. Mstaafu, kwa mujibu wa aliyeitunga, ni mzee ambaye watoto wake wameshajenga Dar es Salaam na mkewe yuko jikoni anapika uji. Mimi mwenza wangu yuko makaburini na wanangu wako kitandani wana malaria. Nikauliza kwa adabu: nafasi ya mwenza si ipo wazi, naomba mmoja wa watoto aikalie? Dada wa dirishani alicheka, akasema haiwezekani, ila nikioa nimlete mke na cheti cha ndoa.

Hapo nilishika kichwa. Maana yake mwanamke nitakayekutana naye kesho stendi ya Msamvu, tukabandika tangazo la siku 21 na kufunga ndoa bomani, ana haki ya kutibiwa. Niliyemzaa hana. Shangazi zangu wamekuwa wakinisukuma nioe tangu arobaini; sikujua wanaisemea bima.

Ya mtaani sitakuchosha nayo. Wapo wanaoniita "bosi" tangu waliposikia mafao yametoka, wapo wenye mradi wa matikiti usiojua hasara, wapo wakopeshaji wa kausha damu waliokuwa wanamtaka mwalimu mwenye mshahara na sasa wanamtaka mwenye kadi ya benki ya pensheni. Shule haina ada, namshukuru aliyeiondoa. Ina rimu, ina mchango wa chakula, ina sweta ya rangi ambayo duka moja tu linaiuza. Binti wa kidato cha pili anahitaji kusukwa twende kilioni zile za kulala. Nimejifunza, ingawa mstari wa katikati unapinda na yeye ananisamehe mbele ya wenzake tu.

Ombi langu ni dogo. Katika kanuni yako una N ya miezi, una mshahara, una 580. Weka herufi moja zaidi, hata W ikikutosha, ya watoto walio chini ya paa la mzazi mmoja, ili anayestaafu nao achague mwenyewe kiasi gani apewe sasa wakati wanasoma na kiasi gani kimsubiri akiwa na mkongojo. Na nafasi ya mwenza kwenye kadi ikibaki tupu, akae mtoto. Najua herufi ni gharama. Ile 12.5 uliirekebisha bila kuniuliza, kwa hiyo kalamu unayo.

Naomba jibu kabla ya Januari; shule zikifunguliwa nitakuwa nimeshapunguza mtaji wa kufa kwa wakati.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, Kihonda, Morogoro

Nakala: Mangi wa dukani, kwa taarifa na uvumilivu.