Aila za Waya Botini: Jaribio la Uainishaji

Nyaya zinazolisha redio ya VHF, GPS na kipima kina katika boti za faiba za mwambao wetu ni aila nne. Wapo wanaoziainisha kwa rangi. Msimamo huo tunaukataa, kwani chumvi ikishazila, zote hufanana.

Aila ya kwanza ni Waya wa Ukutani, mhamiaji kutoka kwa shemeji aliyemaliza kujenga. Uzi wake wa shaba ni mmoja, mnene, uliozoea ukuta usiotikisika. Mtetemo wa injini huuchosha hadi ukakatika ndani ya ganda, pasipoonekana.

Ya pili, Waya wa Spika, ina wafuasi wengi kuliko zote, na tabia yake kuu ni unafiki. Redio inaposikiliza tu hula chini ya ampea moja. Nahodha husikia bandari nzima ikipiga soga, akamsifu fundi. Ngoja abonyeze kitufe aongee. Redio ya wati 25 sasa inadai ampea 5 hivi. Tuseme betri iko tezini, redio iko mita 10 mbele, na waya ni wa milimita 1.5 za mraba. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo tunahesabu mita 20 (hapa ndipo wanazuoni wengi huzama), na zaidi ya volti 1 kati ya 12 huishia njiani. Betri ikiwa imechoka, redio huzimika nahodha akiwa kwenye "msaa—". Kwa waya wa milimita 6 za mraba, upotevu hushuka chini ya asilimia 3, kiwango ambacho mafundi wa vyombo hukitaka kwa mitambo ya kuongozea safari.

Ya tatu ni Waya wa Bahari hasa: nyuzi nyembamba nyingi, kila mmoja umepakwa bati, maana shaba tupu hunyonya unyevu wa chumvi ndani ya ganda na kugeuka nyeusi. Ni ghali, hivyo huonekana zaidi katika mazungumzo. Fyuzi yake hukaa karibu na betri, na kazi yake ni kuulinda waya usiungue, si redio. Wenye redio za bei hulichukulia hilo kama dharau.

Ya nne, Waya Yatima, huchomoza nyuma ya dashibodi, hupita chini ya sakafu na kutoweka. Unacholisha hakijulikani. Kundi moja la wataalamu linataka ukatwe. Jingine linahoji ni nani atakayejitolea kuchota ngama ikibainika ulikuwa wa pampu.