Laptopu Imegoma Kuwaka? Mpe Fundi Mshahara Wako kwa Hatua Sita

Jana usiku ilikuwa nzima, leo iko kimya. Watu wasio na subira huanza kuchunguza kasoro iko wapi. Wewe fuata mwongozo huu, na hitilafu ya bure itakutoa laki kadhaa.

1. Bonyeza kwa hasira. Donoadonoa kitufe cha kuwashia. Usithubutu kuchomoa chaja, kutoa betri kama inatoka, kisha kukishikilia kwa sekunde 30. Ukifanya hivyo, chaji iliyonasa ndani itaisha, na mashine huenda ikawaka ukirudisha umeme. Fundi atakula nini?

2. Iamini chaja. Kuangalia swichi ya ukutani ni kujidhalilisha, hasa ukiikuta imezimwa. Fyuzi ya plagi ya pini tatu usiiguse. Ukiazima chaja ya jirani, chukua yoyote inayoingia kwenye tundu. Maandishi ya mgongoni, mathalani 19.5V na 3.34A, ni mapambo. Wanaosisitiza kwamba volti zilingane na ampea zisipungue za chaja yako ni washamba.

3. Usipambanue dalili. Feni inavuma, taa zinawaka, kioo cheusi? Tangaza msiba. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu unaweza kuona picha hafifu, ukagundua kwamba kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu. Ukiunganisha televisheni kwa waya wa HDMI, unaweza kuikuta mashine iko hai. Ikipiga milio ya "bip", cheza. Kutafuta maana yake kwenye kitabu cha mtengenezaji ni kazi ya wasio na shughuli.

4. Fungua kwa kisu cha jikoni. Betri ibaki imeunganishwa, ili cheche zikusaidie kuona. RAM iache ilivyo. Mafundi huichomoa, wakaisugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli na kuirudisha, nayo mashine ikaamka. Ufutio hauna heshima ya kitaalamu.

5. Kama imemwagikiwa chai, iwashe upesi ujue imeumia kiasi gani. Kuchomoa umeme, kutoa betri na kuigeuza kifudifudi ni woga. Badala yake izike kwenye mchele. Sukari na maziwa vitabaki vimeganda kwenye madabodi vikiila polepole, ila pilau litanukia tangawizi.

6. Mfiche fundi. Chai usiitaje, sema, "Ilizima yenyewe tu." Akikuambia, "Bosi, hii madabodi imekwenda," kabla hajashika mita, toa pesa. Usimwombe apime kama umeme unavuka tundu la chaja, maana anaweza kukuta tundu limelegea au kapasita moja imepiga shoti, bei ikashuka.

Mwisho, usikumbuke kwamba mashine inaweza kufa diski ikabaki nzima, na kwamba mara nyingi diski hutolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Mwachie fundi vyote, pamoja na nywila uliyoibandika chini ya laptopu. Wiki ijayo utaikuta inawaka vizuri, na fundi atakuulizia hali ya mashemeji zako, mmoja mmoja, kwa majina.