Mpwa Wangu na Nyutro

Pikapu inayopakia watu wa Bigwa haiwezi kuugua kwa siri. Usukani ulipoanza kutetemeka kila breki ikikanyagwa, na mbele kukawa na mngurumo, abiria walishakaa kikao huko nyuma juu ya mikungu ya ndizi. Mama muuza ndizi alisema ni shokapu. Kijana wa bodaboda alisema ni balansi ya tairi. Mzee mmoja wa Kiroka, ambaye sijawahi kumwona hata na baiskeli, alisema ni beringi, kwani gari lilikuwa linalia kama mashine ya kusaga. Mzee alipatia, na kwa bahati mbaya akajua kwamba amepatia.

Fundi wetu wa chini ya mwembe alipiga jeki, akashika gurudumu la kulia juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Ndiyo maana mngurumo ulizidi tukikata kona kushoto: uzito wote unalalia kulia, beringi inalia. Akachungulia diski. Ilikuwa na mabaka ya buluu.

“Mzee, hii imepikwa.”

Mpishi alikuwa amesimama pembeni yangu, anatafuna muwa.

Mpwa wangu akishuka na ndizi kutoka Kinole, kwenye milima ya Uluguru, hutia nyutro. Gia ndogo, anasema, inakula dizeli. Basi gari linateremka kwa uzito wake, yeye kalala juu ya breki, na mteremko wote unageuka moto ndani ya diski za mbele. Za mbele hasa, maana gari likifunga breki uzito hukimbilia huko. Akifika bondeni na moshi, anashuka na kidumu, anachota maji ya kijito na kuyamwagia magurudumu. Chuma chenye moto mkali kikipigwa na maji ya Uluguru kinaweza kujipinda au kupasuka, na kila siku maji na tope vikipenya kwenye sili, grisi inaondoka na beringi inabaki kavu. Yeye akifika nyumbani anatoa taarifa kifua mbele: “Nimeipoza, Mjomba.”

Kumkaripia nako kuna mipaka. Waluguru tunafuata ukoo wa mama, na mtoto wa dada ana sauti kwenye mali ya mjomba wake. Kijana anapochoma breki anahesabu kwamba anachoma zake. Mimi ni mlinzi tu, tena mlinzi anayenunua spea.

Pikapu hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo kule mbele mambo si mengi: habu inazunguka juu ya beringi mbili, kubwa ndani na ndogo nje, halafu nati, pini na kikofia. Ila diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Ukitaka diski, ung'oe habu. Ukishang'oa habu, beringi ziko mkononi. Tukaagiza vyote Gerezani, Dar es Salaam, vikaja na basi hadi stendi ya Msamvu. Kufungua maboksi: beringi ndogo nne, kubwa hakuna. Muuzaji akasema kwenye simu, bila haya, “Kubwa zimeisha bosi, nikaona nikuongezee hizo.”

Kubwa zilipopatikana, fundi akaanza kugonga vikombe vya zamani kwa kipande cha shaba. Mpwa wangu akashauri viachwe, bado vinang'aa. Fundi akamweleza kwamba beringi mpya kwenye kikombe kilicholika haina maisha. Akashindilia grisi kwa kiganja hadi ikatokeza upande wa pili. Diski mpya akaziosha kwa petroli, maana zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, na breki haitaki mafuta. Alipogeuka kuchukua spana, mpwa wangu akaona vumbi juu ya diski. Akalipangusa. Kwa tambara la grisi.

Petroli ilikuwa imekwisha. Ikabidi yule kijana wa bodaboda, bingwa wa balansi, atoe chupa moja kutoka kwenye tangi lake. Tangu hapo hakutoa ushauri tena.

Kelele kubwa ilikuja kwenye nati. Unaikaza huku habu ikizunguka ili beringi zikae, unailegeza, kisha unairudishia kwa vidole tu. Fundi alipoilegeza, watu waliojaa chini ya mwembe walipiga yowe: “Kaza!” Mzee wa Kiroka akasema watu watakufa. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba beringi iliyobanwa mno huungua. Mpwa wangu yeye alikuwa na la kuchangia kuhusu pini: alileta msumari wa inchi tatu, umekunjwa vizuri kabisa. Fundi aliutazama, akamtazama, akamtuma dukani.

Jioni gari lilisimama bila kutetemeka, kimya, hata mama wa ndizi akakiri kwamba shokapu zimepona. Nikakumbuka diski za zamani. Mnunuzi wa chuma chakavu hupita na mkokoteni jioni. Hazikuwepo.

“Nimeshaziuza, Mjomba.”

“Hela iko wapi?”

“Mjomba, urithi nao mtu anaudai risiti?”