Azima Glopu ya Vifaranga Kwanza

Kama umejitengenezea amplifaya hapa Mkata na unataka iungue upesi, utaratibu ni mwepesi. Alika watu. Chagua Jumamosi jioni, spika mbili za inchi 15 zikiwa zimeshasimamishwa mlangoni, binamu yako ameshika maiki anasema "heloo, heloo" kabla hata umeme haujafika, na watoto wa mtaa mzima wamejaa dirishani. Chomeka. Mlio utakaousikia utakuwa mmoja, mfupi, na hautarudiwa. Baada ya hapo watu wataondoka mmoja mmoja wakisema "pole fundi" kwa sauti ya kuagana msibani.

Utaratibu huo nimeufuata mara nne. Majozi manne ya transista yamelala kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda changu, na mke wangu ameshaacha kuuliza nayatunzia nini. Ukipenda ya kwako ipone, njia ni ndefu kidogo, na inaanzia kwa mama anayefuga kuku.

Unahitaji glopu ya nyuzi, ile ya zamani ya wati 100, inayokuunguza ukiishika. Dukani watakupa ya LED, nayo kwa kazi hii haifai hata ukiibembeleza. Glopu za nyuzi zilizobaki Mkata, kwa uchunguzi wangu, ziko mabandani zinapasha joto vifaranga. Nenda saa sita mchana, jua likiwa kali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata mayai?"

"Hapana mama, naomba kuazima glopu. Moja tu."

Hapo atakutazama kwa muda. Usitaje muziki. Sema ni ya kupimia umeme, jambo ambalo ni kweli tupu, kisha ahidi saa ya kuirudisha.

Ukifika nyumbani usikimbilie soketi. Kaa kwenye mwanga na uikague bodi ikiwa imekufa kabisa. Kapasita zimekaa upande wake? Diodi je? Kapasita iliyogeuzwa hainung'uniki. Inavimba kimyakimya, halafu inapasuka na kukutapikia usoni. Na tazama volti zilizoandikwa ubavuni mwake. Transfoma ya 24-0-24 haikupi 24 baada ya diodi, inakupa kama 33 kila upande, kwa sababu kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi. Fundi anayebana matumizi ananunua kapasita za volti 35 na kujipongeza kwamba zimebaki mbili za akiba. Basi siku umeme ukipanda kutoka 230 hadi 250, zile 33 zinasogea 36. Nunua za 50.

Kisha njoo kwenye transista zenyewe. Hapa Mkata tunaagiza 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 kutoka Kariakoo, zinakuja na basi zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, na bei yake ni nzuri kupita kiasi. Bei nzuri kupita kiasi inapaswa kukunyima usingizi. Feki iliyoungua ukiipasua, mara nyingi ndani utakuta kipande cha silikoni mfano wa punje ya mchele, na hicho ndicho kilichoahidi wati 150. Nakumbuka kwa huzuni ile 2N3055 ya chuma, iliyotolewa na RCA ya Marekani miaka ya 1960, ambayo mafundi wa zamani waliing'oa kwenye mashine moja na kuipachika nyingine kama mtu anayerithisha jembe.

Mgongo wa chuma wa transista hizi umeungana na mguu wa katikati, yaani kolekta. Mmoja amebeba volti 33 chanya, mwenzake 33 hasi, na wote wawili umewafunga kwenye bamba moja la alumini la kupozea. Ukisahau maika katikati, umewaozesha bila mahari. Weka maika, paka girisi nyeupe kiasi (kiasi, si kama mtu anayepaka siagi ya bure), funga skrubu, halafu weka mita kwenye mlio na ugusishe bamba na kila mguu. Ikilia, fungua. Mimi ya pili iliondoka hivyo, na maika yenyewe niliikuta mfukoni mwa shati Jumatatu yake.

Sasa glopu. Chukua ekstensheni ambayo haijachomekwa popote, kata waya wa laini peke yake, na katikati ya huo mkato ufunge holda. Sehemu zote zilizo wazi zifunikwe. Kila chembe ya umeme inayokwenda kwenye amplifaya sasa lazima ipite kwenye nyuzi za glopu, na glopu ya wati 100 kwenye volti 230 haipitishi hata nusu ampea. Mto Pangani ukifika Hale, huko Korogwe, unakuta mitambo yenye uwezo wa megawati 21, iliyoanza kazi 1964. Hakuna sababu ya kuikaribisha yote kwa mkupuo kwenye bodi uliyochomelea usiku kwa tochi ya simu.

Usiunganishe spika. Usiunganishe simu wala flashi. Vaa kandambili, sakafu iwe kavu, mkono mmoja uwe mfukoni. Plagi iwe ya miguu mitatu, na waya wa ethi ufungwe kwenye boksi la chuma la amplifaya. Najua desturi yetu ya kuchokonoa tundu la ethi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Kalamu ni za shule.

Washa.

Glopu ikiwaka ghafla kisha ikafifia hadi ikabaki wekundu kidogo au giza, pumua. Hizo ni kapasita zilikuwa zinajaa. Ikibaki inang'aa kama ya sebuleni, zima, kuna shoti, lakini transista zako huenda bado hai na hujapoteza kitu zaidi ya heshima. Isipowaka kabisa, angalia fyuzi. Kisha angalia LUKU kabla hujaanza kufungua skrubu. Najua mtu aliyehangaika na bodi nzima kwa saa mbili, na huyo mtu ndiye anayeandika hapa.

Glopu ikitulia, chukua mita. Pima umeme wa chanya na wa hasi: viwe karibu sawa, na vitakuwa chini kidogo ya 33 kwa sababu glopu imekula sehemu yake. Halafu pima pale spika itakapokaa. Unataka milivolti, tena chini ya 50. Ukisoma volti 30, transista moja ya mwisho imelala mlango wazi au njia ya kurudisha sauti nyuma imekatika, na spika usiiingize hata chumba hicho. Umeme wa mkondo mmoja wa kiasi hicho kwenye spika ya omu 8 ni zaidi ya wati 100 za moto mtupu. Hazisikiki nyimbo. Inanuka koili.

Hapa ndipo wengi wanapochoka, kwa sababu bado kuna kile kirekebisho kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi, kinachoamua mkondo wa kutulia. Kianze chini kabisa. Pima volti juu ya rezista ya 0.22 iliyo kwenye emita: milivolti 22 ni mkondo wa miliampea 100, na huko ni mbali kwa siku ya kwanza. Anza na 5, chomoa, toa glopu kwenye msafara, chomeka tena ukiwa na fyuzi ndogo, ndipo upandishe polepole na kusubiri dakika 20. Transista ikipata joto hupitisha zaidi, ikipitisha zaidi hupata joto zaidi, na hao wawili wakishaanza kukimbizana huwezi kuwaamulia. Ndiyo maana kile kitransista kidogo cha kuonja joto hufungwa kwenye bamba lilelile la kupozea. Ukikiacha kinaning'inia hewani kwa sababu waya haukufika, ni sawa na kumweka mlinzi wa shamba la Handeni mjini Tanga.

Ukitaka kugusa chochote, chomoa kwanza, kisha ondoa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa rezista ya omu 100 ya wati 5. Vijana hutumia bisibisi ili waone cheche. Ya kwangu ina pengo kwenye ncha.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya namba ileile. Karatasi ya pakiti ya sigara si fyuzi. Msumari si fyuzi, ingawa ni kweli kwamba haukatiki.

Mwisho leta spika, lakini ile mbovu ya redio ya zamani, siyo za inchi 15. Ikivuma "mmm" bila wimbo, nyaya zako za ardhi zinazunguka. Zilete zote kwenye nukta moja, pale katikati ya kapasita kubwa. Ikikwaruza, binamu atasema ndiyo ladha. Atakutajia mchiriku, jinsi vijana wa uswahilini Dar es Salaam walivyopitisha kinanda kidogo cha Casio kwenye honi hadi sauti ikawa na miiba, na jinsi Jagwa Music walivyofika Ulaya na albamu yao ya 2012. Yote kweli. Wale waliichagua mikwaruzo yao. Yako imetoka kwenye risasi iliyopoa kabla haijashika. Pasha moto upya.

Ikiimba vizuri kwa saa nzima, na bamba la kupozea unaweza kulishika bila kutukana, ndipo umwite binamu.

Lakini kabla ya binamu, glopu. Irudishe kabla ya magharibi kama ulivyoahidi, na uifunge mwenyewe kwenye holda yake bandani. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35.