Yah: GPA ya 2.9, Tuongee Bei

Kwa Kamati za Udahili za Vyuo Bingwa vya Biashara,
Boston, Palo Alto, Philadelphia, Fontainebleau na London.

YAH: OMBI LA NAFASI YA SHAHADA YA UZAMILI YA BIASHARA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuza mitumba. Nina meza soko la Karume na fremu ndogo ya kuhifadhia mzigo Ilala Boma, Dar es Salaam. Nauza viatu, fulana na makoti ya baridi, haya ya mwisho kwa wateja wa Njombe na Mbeya, maana hapa kwetu hakuna wa kumvisha koti. Shahada ya kwanza ninayo, na cheti chake hakijawahi kuombwa na mteja yeyote. Nawaandikia nyote kwa barua moja kwa sababu ada ya kuomba tu, chuo kimoja, inacheza kwenye dola 250, na hairudi hata kama mmenikataa kabla ya chai ya saa nne. Mtu wa biashara akitajiwa bei ya namna hiyo huulizia ya jumla.

Kwanza tumalizane na hesabu. GPA yangu ni 2.9, na kwetu inahesabiwa kwa tano. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Ukipata 70 kwa mia umepata A, ukipata 50 umepata B. Kwa hiyo mwenye 2.9 ni mtu wa B mwenye vumbi kidogo begani. Sasa ofisini kwenu yupo mwenzenu mwenye kikokotoo. Anagawanya 2.9 kwa tano, anazidisha kwa nne, anapata 2.3, anatikisa kichwa. B iliyopanda ndege Dar es Salaam imeshuka Boston ikiwa C+, na hakuna wa kumdai fidia. Najua baadhi ya fomu zenu zinasema tuandike alama kama zilivyo tusizigeuze, na kwa hilo nashukuru. Fomu inasema hivyo. Jicho la msomaji lina kikokotoo chake.

Hata kwa kipimo cha nyumbani sijisifu. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa anayeomba uzamili ni 2.7, nami nimekivuka kwa kiasi ambacho ukipiga chafya kinaweza kuanguka. Sababu yake ni nyepesi. Bumu la mkopo likitoka, wenzangu walinunua simu; mimi nilichanga na rafiki tukanunua belo la viatu. Belo hufunguliwa alfajiri. Mhadhara wa takwimu ulikuwa saa moja asubuhi. Anayechelewa mhadhara hupewa madesa na mwenzake, anayechelewa belo hukuta kandambili za mguu mmoja. Nilipima nikachagua. Nasikia kwenu somo la kupima unachopata dhidi ya unachokiacha hufundishwa mapema kabisa, kwenye uchumi wa mwanzo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kile kisanduku chenu cha maelezo ya hiari. Hiari yake ni ile ya mchango wa harusi. Asiyekijaza, na ana GPA kama yangu, anajulikana. Wapo washauri wa maombi wanaolipwa maelfu ya dola kumfundisha mtu namna ya kukijaza: taja sababu kwa ufupi, usijitetee, onyesha umebadilika. Sababu zinazopokelewa ni ugonjwa na msiba. Kufanya kazi nako kunapokelewa, ikiwa uliifanya kwa dhiki, nyumbani wale, wadogo zako wasome. Ukisema uliifanya kwa sababu uliipenda faida, uso wa msomaji unabadilika. Ndugu wanakamati, hiki ni chuo cha biashara. Imekuwaje sababu pekee isiyosemeka iwe ni biashara?

Mnapenda sana pia kusikia mtu aliwahi kushindwa wapi. Swali hili nalihusudu. Kijana mwenzangu aliyechukua fedha za wawekezaji, akatengeneza programu ya simu ya kupeleka vyakula majumbani, akaifunga kabla haijaona faida hata siku moja, huyo kwenu ana uzoefu. Ana kovu zuri. Atalisimulia kwenye usaili huku kamati ikitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilipata 38 kwenye takwimu, nikarudia mtihani Septemba, nikafaulu. Mimi kwenu nina tatizo la hesabu. Yeye aliunguza fedha za watu, mimi niliunguza karatasi.

Na kuungua nakujua kwa maana yake ya kawaida. Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022 soko la Karume liliteketea. Mzigo niliokuwa nao ulikuwa mali kauli: nimepewa kwa ahadi ya mdomo, nikiuza ndipo nilipe. Mali ikawa majivu, kauli ikabaki. Nilimlipa mwenye mzigo kidogo kidogo mpaka akanipa mwingine, na hakuna karatasi hata moja duniani inayoonyesha jambo hilo. Haliko kwenye transkripti. Mshauri mmoja wa maombi nilipomgusia alinyanyuka kwenye kiti. "Hiyo ndiyo insha yako!" Akataka nianze na moshi, nimalizie na uongozi, yote yakae ndani ya maneno 300. Nikamwambia moto ule ulikuwa wa wafanyabiashara wengi mno. Kuuweka kwenye insha yangu peke yangu kungekuwa kuuza mzigo wa watu, tena bila kauli.

Sasa barua za mapendekezo. Mnataka mbili, na mngependa moja itoke kwa msimamizi wangu wa moja kwa moja. Aliyejiajiri mnamruhusu kuleta mteja, msambazaji au mwekezaji, na hapo mmefanya ubinadamu. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa Makambako anayechukua makoti. Barua pepe hana. Ana simu, na huipokea baada ya kufunga duka. Amebaki mwenye fremu. Nimelisoma lile swali lenu linalomtaka mpendekezaji aeleze ushauri muhimu wa kumjenga aliowahi kumpa mwombaji, na mwombaji alivyoupokea. Jibu lake nalijua kabla hajaandika: "Nilimwambia alipe kodi ya miezi sita mbele. Akalipa ya minne, akaapa." Na pale panapouliza mwombaji anasimama wapi akilinganishwa na wengine wa nafasi yake: "Wengine wanalipa ya mwaka."

Kipengele cha kipato ndicho kilichonikalisha usiku. Mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka, bonasi ya kusaini mkataba. Nikiweka sifuri kote, naonekana sina kazi. Nikiweka mauzo ya Desemba, naonekana mwongo. Nikiweka kinachobaki baada ya ushuru, pango, mlinzi, wapagazi na nauli, naonekana sihitaji shahada, nahitaji msaada. Fomu imeshonwa kwa kipimo cha mtu wa benki, kampuni ya ushauri au mfuko wa uwekezaji, na inamkaa vizuri sana. Muulizeni huyo ana wasimamizi wangapi, atawajaza ukurasa.

Msinione mgeni kwenu, lakini. Masweta yenye majina ya vyuo vyenu hufika Karume ndani ya mabelo ya Marekani, yamevaliwa na kuchokwa. Nimeuza ya vyuo vikuu vikubwa na nimeuza ya timu za mpira za shule za sekondari za Ohio, na naomba niwape taarifa ya soko bila malipo: jina la chuo haliongezi bei. Zipu inaongeza.

Biashara hii pia ilinifundisha sera za kimataifa bila mhadhara. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika serikalini kwao, Marekani ikatishia kuzitoa nchi zetu kwenye AGOA, ule mpango wa kuingiza kwao bidhaa za Afrika bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Wenzangu walisoma AGOA ili waiandike kwenye mtihani. Watu wa mitumba waliifuatilia redioni ili wajue kama mwakani kutakuwa na mzigo. Nyinyi huandika kesi za kufundishia kuhusu mambo ya namna hii, wanafunzi wa Harvard peke yao husoma kama 500 kwa miaka miwili, na M-Pesa yetu mmeshaiandikia. Nimegundua tu kwamba mhusika mkuu wa kesi hukaa ofisini akitakiwa kuamua kabla ya Jumatatu. Wakala wa M-Pesa aliyekaa juani chini ya mwavuli huingia kwenye kiambatisho, ndani ya jedwali.

Naomba nisieleweke vibaya. GPA si upuuzi. Aliyepata 4.6 alikaa kitako akasoma wakati mimi nachambua viatu, na mwaka wa kwanza darasani kwenu atanizidi, hilo halina ubishi. Wala sitawaletea hoja ya Bakhresa. Ni kweli Said Salim Bakhresa, kama inavyosimuliwa siku zote, aliacha shule akiwa na miaka 14, na leo Azam yake ni unga, ni juisi, ni boti ya Unguja, ni televisheni. Lakini kila kijana anayefeli hapa mjini humtaja, mpaka hoja imechakaa. Walioacha shule na umri huohuo wakaishia kusukuma mikokoteni ni wengi zaidi, ila hao hawahojiwi na mtu. Tena najua kero yenu: siku hizi mwenye picha tatu za keki kwenye WhatsApp anajiita mkurugenzi mtendaji na mwanzilishi, na msimu wa maombi ukikaribia mashirika ya kusaidia vijana huota kila mahali. Ningekuwa mimi mezani kwenu ningeshuku pia.

Ila nyinyi wenyewe mmeshakosea kuchagua mzigo. Mwaka 1950 Harvard ilimkataa kijana wa miaka 19 kutoka Nebraska aliyekuwa ameshauza gazeti, chupa za soda na chingamu mlango kwa mlango, na aliyekuwa ameweka mashine za mchezo kwenye maduka ya vinyozi. Aliitwa Warren Buffett. Akaenda Columbia, akamkuta Benjamin Graham, na mengine mnayafundisha nyinyi.

Kinachonipa moyo ni kwamba milango mingine haina ukali huo. Harvard wana kozi ya mtandaoni iitwayo CORe: takwimu za biashara, uchumi wa mameneja, uhasibu. Mwenye alama dhaifu hushauriwa achukue kozi za namna hii ili athibitishe kichwa kinafanya kazi. Yaani ninunue alama nzuri kwa chuo, nikakionyeshe chuo, ili kiniruhusu ninunue zaidi. Kama mfanyabiashara, nimevua kofia. Halafu ipo programu yao ya wamiliki wa kampuni, vipindi vitatu vya wiki tatu tatu, na ukimaliza unahesabiwa mhitimu mwenzao. Huko shahada si sharti, wala hakuna anayekuuliza ulipata ngapi kwenye takwimu. Unaulizwa kampuni yako inauza kiasi gani kwa mwaka. Kumbe swali mnalijua! Mnalihifadhi tu kwa watu ambao jibu lake lina sifuri nyingi.

Basi tuongee. Kwenye vyuo vyenu vya juu kabisa vya Marekani wastani wa darasa unazunguka 3.7 kwa nne. Mimi nina 2.9 kwa tano. Nitafanya mtihani wenu wa kuingilia, GMAT: saa 2 na dakika 15, dola 275, alama kuanzia 205 hadi 805. Kwa hela hiyo ningepata belo la fulana, lakini sawa. Nikipata 655, ambayo kwa kipimo cha zamani inakaribia 700, mnihesabie GPA ya 3.2. Nikifika 705 tuiite 3.5, tupeane mikono. Chini ya 600 nitaondoka mwenyewe, msijisumbue kuandika ile barua inayosema mwaka huu ushindani ulikuwa mkubwa. Na kama hamkubali, semeni mwisho wenu ni ngapi. Kuniambia kwamba mnamtazama mwombaji kwa ujumla wake si bei.

Kuhusu ada: mwaka mmoja pale Harvard umepita dola 70,000, kulala na kula mbali. Naomba kujua kama mnatoa mali kauli. Nichukue shahada kwanza, nikishaiuza ndipo nilipe. Mdhamini ninaye, ni yule niliyemlipa mzigo ulioungua.

Wenu katika biashara,

Mwombaji,
Ilala, Dar es Salaam.

Nakala kwa:
Mwenye fremu: ile miezi miwili iliyobaki itachelewa kidogo, kuna ada ya maombi.
Mama wa Makambako: ukipigiwa na namba ya nje ya nchi, pokea.
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: kwa taarifa tu, hili si ombi la mkopo mwingine.