Nusu Mkwaju

Mashindano ya gofu ya timu, yale yanayochanganya mabingwa na watu walioazima fimbo jana jioni, huharibikia mahali pamoja: kwenye meza ya zawadi. Katika siku ya gofu ya wateja iliyofanyika Ijumaa moja ya karibuni kwenye kiwanja cha mashimo 18 nje kidogo ya Nairobi, mshereheshaji alipewa karatasi iliyosema kuwa timu iliyoshinda imerudi na neti 47 na nusu. Aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini. Ukumbi ukanyamaza. Ndipo mzee mmoja wa meza ya nyuma, mwanachama wa miaka mingi, akainua mkono na kuuliza kwa adabu zote: "Samahani bwana mwandaaji, hiyo nusu ilipigwa na nani?"

Kicheko kilichofuata kilidumu kuliko hotuba ya mkurugenzi. Mwandaaji, ambaye alikuwa amegombana na watu wa mahema, akabembeleza wadhamini na kuhakikisha kuna supu ya asubuhi, alisimama kando ya televisheni ya zawadi na kutabasamu kama bwana harusi aliyesahau pete.

Nusu hiyo ilizaliwa mezani, kwenye jedwali la Excel. Timu iliyoshinda ilikuwa na watu wanne wenye handikapu, yaani mikwaju ambayo mchezaji hupunguziwa, za 8, 18, 24 na 36. Jumla yake ni 86. Ikigawanywa kwa nne inapatikana 21.5. Timu ilimaliza kwa mikwaju 69, na 69 ukitoa 21.5 ni 47.5, ndiyo neti. Timu ya pili ilikuwa na handikapu 4, 7, 9 na 12, wastani wake 8, na ilimaliza kwa mikwaju 61, yaani neti 53. Kwa hiyo waliopiga mikwaju minane zaidi ndio walioondoka na televisheni, tena kwa mwanya wa mitano na nusu, na waliopiga 61 wakapigiwa makofi.

Wastani una mvuto wake. Kila mtu anaujua tangu darasa la sita, unafanyika kwenye simu, na una sura ya haki. Kwa gofu ya timu ni janga, na sababu imo ndani ya handikapu yenyewe, chombo ambacho wachezaji hukitaja kila siku bila kukifungua.

Tangu mwaka 2020 sehemu kubwa ya dunia hutumia mfumo mmoja wa handikapu, uliotengenezwa na R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, badala ya mifumo sita iliyokuwapo awali. Mfumo huangalia raundi 20 za mwisho za mchezaji, huchukua nane bora na kutafuta wastani wa hizo nane. Kumi na mbili zilizobaki hutupwa. Maana yake handikapu inaeleza kile mtu anachoweza siku zake njema, na mchezaji mkweli atashindwa kuifikia siku nyingi kuliko atakazoifikia. Anayecheza "sawa na handikapu yake" kila Jumamosi amebarikiwa, au ana jambo anaficha. Kikomo cha juu ni 54, mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo, ili hata anayeanza awe na namba yake.

Utamu wenyewe uko kwenye slopu. Kiwanja kigumu hakiwaumizi watu sawasawa. Bingwa akipelekwa kwenye kiwanja chenye maji, miti na mchanga hupoteza mkwaju mmoja au miwili. Mchezaji wa kawaida hupoteza mikwaju mingi, mipira, na wakati mwingine heshima. Dean Knuth alianza kulitafutia hesabu jambo hili miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani. Leo kila seti ya alama za kuanzia ina slopu yake, kati ya 55 na 155, na 113 ndiyo kiwango cha kawaida. Mchezaji wa 18.0 akienda penye slopu 130, namba yake huzidishwa kwa 130 na kugawanywa kwa 113, akapata karibu 21, kabla hata ya kurekebisha tofauti kati ya kadirio la ugumu wa kiwanja na kipimo chake rasmi (par). Yaani mfumo umekiri kwa tarakimu kwamba mnyonge huteseka zaidi. Ni nadra kukuta kanuni ya michezo yenye huruma kiasi hicho.

Hesabu hii hii ndiyo inayojibu nung'uniko la kila mwaka, kwamba wanawake wanaoanzia alama nyekundu "wamepewa kiwanja kifupi". Alama nyekundu zina kadirio lake na slopu yake. Ufupi wa njia umekwisha kukatwa kwenye handikapu kabla mama wa watu hajafungua zipu ya mkoba. Bado kutakuwa na bwana mmoja, glasi mkononi, anayetaka wapunguziwe tena. Bwana huyo hajawahi hata siku moja kuomba apunguziwe yeye.

Siku za gofu za kampuni nyingi huchezwa kwa skrambo. Wanne hupiga, mpira uliokaa vizuri huchaguliwa, wote wanne hupiga tena kutoka hapo, hadi mpira uingie shimoni. Hapa ndipo wastani unapokufa. Handikapu ya 36 ni fidia ya mipira iliyoingia vichakani, na katika skrambo mipira hiyo huokotwa na kurudishwa mfukoni bila kuhesabiwa. Mchezaji analipwa fidia ya ajali ambazo timu yake haikupata. Kinyume chake, mchezaji bora wa timu mpira wake hutumika karibu kila mara. Ndiyo maana mapendekezo ya mfumo wa kimataifa kwa skrambo ya watu wanne ni kuchukua asilimia 25 ya handikapu ya aliye bora zaidi, 20 ya anayefuata, 15 ya wa tatu na 10 ya wa mwisho.

Timu ya televisheni ikipitishwa humo, 8 inatoa 2, na 18, 24 na 36 kila moja inatoa 3.6. Jumla ni 12.8, ambayo hukadiriwa kuwa 13, na neti inakuwa 56. Timu ya makofi inatoa 1, 1.4, 1.35 na 1.2, jumla 4.95, yaani 5; toa kwenye 61, neti 56. Timu ambazo karatasi ilizitenganisha kwa mikwaju mitano na nusu zilikuwa sare.

Sare huamuliwa kwa kuhesabu nyuma: kwanza mashimo tisa ya mwisho, kisha sita, kisha matatu, kisha la 18 peke yake. Katika mashindano ya neti timu hutolewa nusu ya handikapu yake kwa yale tisa, theluthi kwa sita na sehemu ya sita kwa matatu. Nusu ya 13 ni 6.5, na nusu ya 5 ni 2.5. Mzee wa meza ya nyuma angekuwa na maswali mengine, ila safari hii majibu yangekuwepo.

Skrambo si njia pekee. Njia nyingine ni pointi za Stableford, zilizopewa jina la Dakta Frank Stableford, ambaye mfumo wake ulichezewa mashindano katika klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Anayemaliza shimo kwa kipimo chake, baada ya kupunguziwa mikwaju yake, hupata pointi mbili. Akizidisha mmoja hupata moja, akizidisha miwili au zaidi hupata sifuri, anaokota mpira na kuendelea na maisha. Timu ya wanne inaweza kuhesabiwa pointi mbili bora za kila shimo, kila mchezaji akipewa asilimia 85 ya handikapu yake. Mtindo huu unawafaa watu wenye mchezo wa mawimbi, ambao ndio wengi.

Wageni wasio na handikapu kabisa hupimwa kwa mtindo wa Peoria. Kamati huchagua kwa siri mashimo sita: mawili ya kipimo cha 3, mawili ya 4 na mawili ya 5. Mikwaju iliyozidi kipimo kwenye hayo sita huzidishwa kwa 3, kisha huchukuliwa asilimia 80. Aliyezidisha mikwaju 10 anapata 24. Bahati inatawala: anayeanguka kwenye mashimo ya siri na kung'ara kwingine anashinda bila kujua kwa nini. Mtindo huu haufai skrambo, kwa kuwa huko hakuna kadi ya mtu mmoja mmoja.

Hesabu zote hizi zinaegemea kitu kimoja, kwamba namba iliyoandikwa ni ya kweli. Mfumo una kufuli zake. Handikapu ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya kiwango bora cha siku 365 zilizopita, ziada inakatwa nusu, na kupanda kunakoma kwenye 5.0. Raundi ya ajabu, iliyo bora kwa 7.0 kuliko handikapu, inamkata mtu mkwaju mmoja; ikifika 10.0, miwili. Lakini kufuli hizo hufungwa kwa kadi zilizowasilishwa, na meneja fulani wa 24 huwasilisha kadi siku za mvua tu. Kedi aliyebeba mkoba wake kwa miaka anajua handikapu yake halisi kuliko kompyuta ya klabu. Hakuna anayemuuliza. Na angeulizwa asingejibu, maana unga wa watoto wake unatoka mfuko ule ule. Kamati yenye mamlaka ya kumkata meneja, nayo, inasubiri kampuni yake idhamini mashindano yajayo. Kwa hiyo wanaolipa ni wale wanne wakweli waliopiga 61.

Ili timu zilingane, hugawanywa baada ya kupanga wachezaji wote kwa handikapu na kuwakata mafungu manne. Kila timu huchukua mmoja kutoka kila fungu. Mkurugenzi ataomba achague wenzake. Akataliwe.

Katika skrambo, ili wa nne asigeuke msindikizaji, huwekwa sharti kwamba mpira wa kwanza wa kila mchezaji utumike angalau mara tatu. Timu huahirisha deni hili hadi shimo lao la 16, ndipo huyo wa nne, tuseme mhasibu, ambaye mchana kutwa alikuwa akishika bendera na kuombwa asiongee, anaambiwa kwamba kila kitu sasa kinamtegemea yeye. Anavuta pumzi, anapiga, mpira unatambaa mita 30 kwenye nyasi. Mpira huo ndio unaotumika.

Timu zote huanza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye shimo lake, vinginevyo supu inapoa. Zawadi kwa mchezaji wa ridhaa zina kikomo: tangu mwaka 2022 thamani yake isizidi dola 1,000 za Marekani, na katika mashindano ya handikapu fedha taslimu haziruhusiwi. Anayetumbukiza mpira kwa mkwaju mmoja katika raundi hafungwi na kikomo hicho, ndiyo maana gari huegeshwa kando ya shimo fupi. Bima ya zawadi hiyo hulipwa mapema, na kwa kawaida jioni dereva hulirudisha gari dukani.