Yah: Ombi la Kurudisha Ujumbe

"Ujumbe wenu nimeupata, na ule wa chini yake nimeusoma pia. Kontena langu linatoka lini? Wenu, Msumbufu."

Jibu hilo liliingia jana saa tano asubuhi, na mpaka naandika haya masikio bado yanawaka. Limetoka kwa mteja wa kampuni yetu ya kutoa mizigo, mama wa makamo mwenye duka la vyombo Kariakoo. Kontena lake limekwama bandarini na tozo zinapanda kila kukicha. Tena hakunijibu peke yangu. Aliwajibu wote niliokuwa nimewaweka kwenye nakala: bosi, bosi wa bosi, mhasibu, na kijana mmoja wa kitengo cha magari ambaye hata yeye hajui aliingiaje humo.

Nilikuwa nimemwandikia kwa Kiingereza. Ndiyo sheria ya ofisi yetu: barua yoyote inayotoka nje iwe ya Kiingereza, hata kama inatoka Posta kwenda Kariakoo, mwendo wa miguu. Barua ile ilinitoa jasho asubuhi nzima. Ilianza kwa kutumaini kuwa inamkuta mama akiwa mzima, ilhali nilijua inamkuta na hasira. Ikasikitikia usumbufu wowote ambao huenda ulijitokeza, kana kwamba usumbufu ulijizaa wenyewe bila baba wala mama. Mwishoni nikasimama kupima: "Yours faithfully" au "Yours sincerely"? Mwalimu wa sekondari alitukaririsha kwamba usipomtaja mtu jina unaaga kwa la kwanza, ukimtaja unaaga kwa la pili. Nikahesabu kama anayepima dawa ya mtoto. Katika aya zote zile, kitu kimoja tu hakikuandikwa: kwamba nyaraka zake zilichelewa mezani kwetu.

Sasa, barua pepe ina mkia. Ukibonyeza kitufe cha kujibu au cha kupeleka mbele, programu huyabeba mazungumzo yote yaliyotangulia na kuyaning'iniza chini, kimyakimya, hata ya mwezi uliopita. Mkia wetu ulikuwa mrefu, na katikati yake bosi alikuwa ameniandikia kwa Kiswahili fasaha: "Huyu mama msumbufu sana. Mwandikie Kiingereza kirefu, atanyamaza."

Maneno si yangu. Lakini jina lililokaa juu ya barua ni langu.

Dakika haijaisha, nikauona mkia. Outlook, programu yetu ya barua pepe, ina kitufe cha kurudisha ujumbe uliokwisha kutumwa, nami nikakibonyeza kwa imani yote. Nimekwisha kusoma jinsi kinavyofanya kazi kwenye mfumo wa zamani kama wetu, na nawaambia ni kiini macho. Ujumbe haurudi popote. Kinachotokea ni kwamba programu inatuma ujumbe wa pili unaoomba ule wa kwanza ufutwe. Mkiwa kampuni moja, kwenye mfumo mmoja, na mwenzako hajausoma, ombi linaweza kukubaliwa. Mpokeaji akiwa nje, anachopata ni taarifa kwamba fulani angependa kuurudisha ujumbe wake. Mama wa Kariakoo, aliyekuwa akihudumia wateja na huenda asingefungua barua yetu hadi jioni, akapata taarifa hiyo. Nani asingeufungua? Kijana wa magari, ambaye hajawahi kusoma barua pepe tangu aajiriwe, alisoma mpaka mwisho wa mkia, kisha akaja mezani kwangu kuuliza kama kuna tatizo.

Kumbe tatizo ni la tangu 1982. Mwaka huo, mwezi Agosti, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha kanuni za jinsi mashine zinavyopokezana barua pepe, na msingi wake unatumika hadi leo. Mashine inayotuma huanza kwa salamu. Husema HELO, L moja, kwa kuwa amri zile ziliwekewa herufi nne nne. Siku hizi husema EHLO. Mwenyeji hujibu 250, yaani karibu. Mgeni hutaja nani katuma, kisha huwataja wapokeaji mmoja mmoja, na kila jina linajibiwa peke yake. Ndipo anaomba ruhusa ya kusema yaliyomleta, anajibiwa 354, anasema yote, na kumaliza kwa nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari. Mwenyeji akisema 250 kwa mara nyingine, mzigo ni wake. Mtumaji hana tena mamlaka juu yake. Kisha wanaagana. Amri ya kusema "nirudishie" haimo.

Nimeyasoma hayo usiku kucha badala ya kulala, na nakiri nimezionea wivu mashine. Zinaamkiana, zinajibizana, zinasema shida, zinaagana, na hakuna anayemtumainia mwenziwe uzima asioujali.

Mikasa yangu mingine ya barua pepe ni midogo. Kuna barua niliyoahidi kiambatisho kisichokuwapo, na kwenye ile ya kuisahihisha nikaambatisha picha za kitchen party ya shemeji.

Baada ya jibu la jana nilimpigia mama simu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Haya, sema." Nikasema: nyaraka zilikaa kwetu, tozo za siku zilizozidi tunabeba sisi, yeye amalizie zilizobaki. Akacheka, akanitukana kidogo kwa upendo, tukamaliza kabla chai haijapoa. Nikampelekea bosi habari njema. Akasema vizuri sana, sasa muwekee kwa maandishi. Kwa Kiingereza.

Hapo ndipo kicheko kinanikauka. Sina ugomvi na Kiingereza cha kazi. Muuzaji wetu wa Guangzhou huniandikia mistari mitatu ya Kiingereza kilichovunjika mbavu, namwelewa, na mzigo unafika. Ugomvi wangu ni na Kiingereza cha kumnyamazisha mtu. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, lakini hawezi kuombwa radhi kwa ajili ya kontena la sufuria. Mwaliko wetu wa kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ulikuja kwa Kiingereza, na tukatakiwa kuthibitisha kushiriki kwa Kiingereza. Ninao wenzangu wanaojua bandari kona kwa kona, wanaotoa mzigo uliowashinda wengine wote, na kila mwaka wanarukwa kwenye kupandishwa cheo kwa sababu barua zao, eti, hazina hadhi. Anayepanda ni yule anayejua kusikitika kwa dhati katika aya nne.

Mama amelipa upande wake. Kontena linatoka kesho. Barua ya Kiingereza ya kuthibitisha hayo yote iko kwa bosi tangu jana mchana, bado anaisahihisha.